Daftari la Waliokufa kwa Risasi

(Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa reli katika mkutano wa matawi uliofanywa Ukunda)



 Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, darasa la nane basi, na tangu hapo nimesomeshwa na reli. Kazi yangu ni katika gengi la kutengeneza njia, upande wa Samburu, Taru na Mackinnon Road, huko nyuma ya Kwale ambako watu wa Diani hawafiki ila wakienda msibani. Najua wengi wenu hapa ni watu wa hoteli, wa hospitali, wa ulinzi na wa magari, na pengine mwaulizana mtu wa reli ana habari gani za bunduki. Niliyo nayo ni habari za kuandika, na nitaanza na ng'ombe.

Katika reli, treni ikigonga ng'ombe, dereva hutoa habari, na habari ile huandikwa: siku gani, saa ngapi, kilomita ya ngapi, treni namba ngapi, ng'ombe wangapi. Gengi hupelekwa kutazama njia, na nyapara naye huandika yake. Kisha wakubwa wakitaka kujua ng'ombe hugongwa sana mahali gani, hufungua vitabu na kuona. Mimi mwenyewe nimeandikia ng'ombe mara nyingi hata sikumbuki ni mara ngapi.

Sasa nitawaeleza habari za shemeji yangu, mume wa dada yangu. Sitataja jina lake wala la kampuni iliyomwajiri, kwa kuwa shauri lingali mikononi mwa chama. Alikuwa mlinzi wa usiku huku pwani ya kusini. Usiku mmoja walikuja watu na bastola, wakampiga risasi moja ubavuni, wakachukua walichokijia. Wenzake wakampeleka hospitali, na kutoka hapo akavushwa feri kupelekwa Mombasa, na alfajiri akafa. Tulimzika nyumbani siku ya tatu. Baadaye dada yangu akapata cheti cha kifo, akaniletea nimsomee. Mahali pa sababu ya kifo paliandikwa: kutokwa na damu nyingi. Hakuna neno jingine. Dada akanitazama, akasema, "Kaka, karatasi yasema damu. Je, damu ilitoka yenyewe?"

Sikuwa na jibu.

Aliyeandika hakusema uwongo. Damu ilimtoka kweli. Lakini Shirika la Afya la Dunia, WHO, limekwisha fundisha zamani namna ya kuandika cheti cha kifo, na fomu yenyewe ina mistari zaidi ya mmoja. Mstari wa juu huandikwa kitu kilichomwua mtu mwishoni, chini yake huandikwa kilicholeta hicho, na chini kabisa huandikwa chanzo. Basi kwa shemeji yangu ilipasa iandikwe juu damu, chini yake jeraha la ubavuni, na chini kabisa kupigwa bastola na mtu mwingine. Katika orodha yao ya magonjwa iitwayo ICD, ile ya kumi, kila namna ya risasi ina namba zake: bahati mbaya ni W32 mpaka W34, mtu kujiua mwenyewe ni X72 mpaka X74, kupigwa na mtu mwingine ni X93 mpaka X95, isiyojulikana ni Y22 mpaka Y24, na risasi ya askari aliye kazini ina yake, Y35. Lakini mwandishi akiishia mstari wa juu, hizo zote hazipati mtu. Risasi inafutika, na mtu aliyeuawa anawekwa pamoja na wale waliotokwa na damu kwa sababu nyingine.

Pengine mtaona kuwa hayo ni mambo ya makarani. Basi sikilizeni mambo ya fedha. Sheria ya malipo ya wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, yasema mfanya kazi akifa kwa ajali ya kazi, watu wake hulipwa mshahara wa miezi 96. Shemeji alikuwa akipata shilingi 12,000 kwa mwezi. Pigeni hesabu: ni shilingi 1,152,000. Sheria hiyo hiyo yasema madai yapelekwe kabla ya miezi 12 tangu siku ya kufa. Dada yangu alipokwenda kwa tajiri na cheti chake, aliambiwa, "Mama, hapa hapasemi kwamba aliuawa kazini. Hapa pasema damu." Tukaanza kutafuta karatasi. Polisi wanayo namba ya kitabu chao cha matukio, lakini imeandikwa chini ya jina la mahali palipoibwa, si jina la maiti. Karatasi ya daktari aliyempasua maiti inayo risasi, imeandikwa wazi kabisa, hata upande ilikoingilia, lakini ilikuwa katika faili ya polisi na haikupata kufika kwa msajili wa vifo. Na cheti kiko kwa msajili. Kukutanisha karatasi hizo tatu kulituchukua miezi 14. Tajiri akahesabu miezi kwa vidole mbele yetu. Katibu wetu anaendelea kushindana naye, kwa maana tajiri alijua habari za kifo kile tangu asubuhi yake, na sheria haikusahau jambo hilo pia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka ng'ombe, na nilitoka pale nimeona haya.

Jambo nililokuja kusema leo ni hili. Hapa kwetu mtu akifa kwa risasi hupita katika vitabu vitatu, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuviweka vitabu hivyo pamoja juu ya meza moja. Kitabu cha kwanza ni cha vifo. Mtu akifia hospitali, hospitali huandika. Akifia nyumbani, naibu wa chifu huandika, ndipo hutolewa kibali cha kuzika. Kitabu cha pili ni cha polisi. Cha tatu ni cha mahakama, kama kuna kesi, au kama hakimu atachunguza kifo ambacho mwenye kukifanya hajulikani. Na wengi hawafiki huko. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka maofisa wa kuchunguza vifo vya namna hii, ambao hapo kale katika nchi nyingine huitwa korona. Ilikuwa sheria nzuri kwenye karatasi, na miaka ilipita bila maofisa hao kuonekana.

Tena si kila kifo kinachoingia hata katika kitabu cha kwanza. Takwimu za serikali za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba katika Kenya nzima vifo vinavyoandikishwa ni kama nusu ya vifo vyote, au kupita kidogo. Huku kwetu watu wengi ni Waislamu, na maiti huzikwa upesi, siku ile ile ikiwezekana, na watu hawapendi ipasuliwe. Mimi ni Mkristo na silaumu dini ya mtu. Hata sisi Waduruma tusio Waislamu hatupendi kisu cha daktari. Nasema tu kwamba jambo hilo lipo, na mwenye kuhesabu alijue. Kwa mtu aliyezikwa adhuhuri bila kupimwa, mashahidi waliobaki ni walioosha maiti.

Na mipaka nayo yatuchanganya. Aliyepigwa Msambweni na kufia Mombasa huhesabiwa Mombasa. Aliyepigwa ng'ambo ya Lunga Lunga na kuletwa kuzikwa Vanga, nani atamhesabu? Lakini mfano mkubwa mwaujua nyote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 watu walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Walioapishwa na kufundishwa walikuwa wamekaa katika misitu ya huku Kwale, Kaya Bombo ikiwa mojawapo. Walikuja na mapanga, na pinde na mishale, wakaua polisi 6, wakaondoka na bunduki zaidi ya 40. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyowekwa mwaka 1998, ilisikiliza mashahidi wa jambo hilo. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, liliandika kwamba waliouawa katika ghasia zile walikuwa si chini ya 104, na waliohama makwao kama 100,000. Wazee walioko hapa wakumbuka hoteli za Diani zilivyofungwa milango na vijana wakarudi mashambani.

Sasa mimi nawauliza: katika hao 104, wangapi walikufa kwa risasi na wangapi kwa panga? Wangapi walifia Kwale na wangapi Mombasa? Likoni ni Mombasa, Kaya Bombo ni Kwale. Na zile bunduki zaidi ya 40, zimekwenda wapi, na zimeua wangapi tangu siku hiyo? Ingekuwa kila maiti iliyopigwa risasi upande huu imeandikwa, na risasi iliyotolewa ikatunzwa na kupimwa, swali hilo la mwisho lingekuwa na jibu.

Mambo ya namna hii ni ya kale katika nchi yetu. Mwaka 1922, watu walipokusanyika Nairobi kumdai Harry Thuku aachiliwe, walipigwa risasi. Serikali ya wakati ule ilisema waliokufa ni 21, na watu wengine wakataja hesabu kubwa kupita hiyo sana. Imekwisha pita miaka mia na zaidi, na watu wangali wakibishana.

Baada ya 1997 ikaja miaka mingine mibaya. Mnaoishi Ukunda, Bongwe na Diani hamhitaji kuhadithiwa na mtu wa Taru habari za wazee wa mitaa waliopigwa risasi milangoni mwao, wala habari za vijana waliochukuliwa usiku, wengine wakaonekana wamekufa, wengine wasionekane. Mwezi wa Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa kitabu cha habari za pwani za miaka minne, tangu 2012, nalo liliandika mambo 81 ya watu waliouawa au kupotezwa, wakilaumu polisi. Hilo nalitaja kwa sababu ya namna walivyofanya: walikwenda kwa jamaa mmoja mmoja, wakauliza, wakaandika. Yuko mtu aliyesema hesabu yao ni kubwa mno, na mwingine kasema ni ndogo mno, lakini kila aliyetaka kubishana alikuwa na orodha ya kubishana nayo. Baadaye mashirika kadha yaliungana kwa jina la Missing Voices kuhesabu nchi nzima, nao kwa mwaka 2024 walihesabu 104 waliouawa na 55 waliopotezwa.

Sheria nayo yawataka polisi wenyewe waseme. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 yasema askari akitumia silaha na mtu akafa au akaumia vibaya, habari hapana budi zipelekwe IPOA, ile mamlaka iliyowekwa mwaka huo huo kuangalia kazi za polisi. Raia naye aweza kupeleka habari huko. Hahitaji wakili wala shilingi.

Lakini, ndugu zangu, tusiandike risasi za polisi tu, wala tusiandike za wezi tu. Hapa natofautiana na wenzangu wengine. Mtu akiwa na hasira na polisi huandika za polisi. Tajiri wa hoteli akitaka askari zaidi huandika za wezi. Na mwanasiasa huandika za watu wa kabila lake. Daftari ya namna hiyo haifai kitu. Tazameni Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko nchi zote. Mwaka 2021 walikufa huko kwa bunduki watu 48,830, karibu 15 kwa kila watu 100,000. Ukimwuliza mtu barabarani atakuambia hao waliuawa na majambazi. Lakini walipohesabu, zaidi ya nusu walikuwa wamejiua wenyewe. Walijuaje? Tangu mwaka 2002 walianza mpango wa kuweka pamoja karatasi za kifo, karatasi za polisi na karatasi za korona, vitabu vitatu vile vile ninavyovisema mimi, na mwaka 2018 majimbo yote 50 yakawa yameingizwa. Bunduki hawakuzipunguza, ni kweli, lakini wajua nani anakufa. Huku kwetu pia wako askari, walinzi na watu wenye leseni ambao bunduki i karibu nao siku wanapokuwa na huzuni, na mambo hayo huzikwa kwa kunong'ona.

Sasa niseme kidogo juu ya hesabu, maana hapo ndipo watu hudanganywa. Kusema "wamekufa wanane" hakutoshi. Hapana budi useme wanane katika watu wangapi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kwale ilikuwa na watu 866,820. Tuseme, kwa mfano tu, mwaka mmoja wamekufa kwa risasi watu 9. Chukua 9, gawanya kwa 866,820, zidisha kwa 100,000, utapata 1 na kidogo. Hiyo yaweza kulinganishwa na Kilifi, na Mombasa, na hata Marekani, ingawa ni kubwa na sisi ni wadogo.

Lakini ole wako ukifanya hivyo kwa kijiji. Lokesheni yenye watu 20,000 akifa mmoja, hesabu ni 5 kwa kila 100,000. Mwaka wa pili asipokufa mtu ni sufuri. Mwaka wa tatu wakifa wawili ni 10. Mtu wa gazeti akiona hivyo ataandika kwamba mauaji yamepanda mara mbili, na watalii wa Diani watakwenda Zanzibar, kumbe ni watu watatu katika miaka mitatu. Kwa mahali padogo yafaa kukusanya miaka mitano pamoja ndipo useme neno, na kabla ya hapo taja watu wenyewe, si kiwango. Jambo hili nalisema hasa kwa wenzangu wa hoteli, ambao najua wana hofu kwamba daftari itaharibu kazi zao. Mwaka 1997 ghasia zilianza kuharibu kazi zenu, na uvumi ukamalizia. Mkiwa na hesabu ya kweli mkononi, huenda mkaweza kumwambia mwenye kueneza uvumi kwamba barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga yaua watu kuliko bunduki. Huenda, sijui bado. Ndiyo sababu nataka tuhesabu.

Nilipolileta jambo hili katika tawi letu mara ya kwanza, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, kalamu yako italeta watu usiku." Sikumdharau, kwa kuwa ameona mengi kuliko mimi. Kwa hiyo tumekubaliana mambo kadha. Katika daftari hatuandiki jina la mtu anayedhaniwa kuwa ndiye aliyepiga. Hiyo ni kazi ya mahakama, na jina moja lililoandikwa kwa kosa laweza kumwua mtu wa pili. Jina la marehemu huandikwa katika kitabu kingine anachokaa nacho katibu, na katika daftari huwa namba tu. Twaandika siku, na mahali alipopigwa, siyo alipofia, na mahali alipokuwa akikaa, umri, mwanamume au mwanamke, kazi yake, na kama alikuwa kazini. Halafu risasi ilikuwa ya namna gani: ya mwizi, ya askari, ya mkono wake mwenyewe, ya bahati mbaya, au haijulikani. Hilo neno la mwisho msiliogope. Kuandika "haijulikani" ni bora kuliko kubahatisha. Kisha namba ya kitabu cha polisi, namba ya kibali cha kuzika, na kama karatasi ya kupasua maiti imeonekana kwa macho au imesikiwa tu. Hakiingii kifo ambacho hakijasemwa na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Na waliopigwa wasife tunawaandika nyuma ya daftari, kwa maana hao nao wana madai, na ni wengi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenzetu wa hospitali na wa ofisi za machifu, ambao najua baadhi yao wako hapa. Hatuwaombi siri za wagonjwa. Twawaomba tu kwamba mnapojaza fomu msiishie mstari wa juu. Na ninyi wengine, mkipata msiba wa namna hii, Mungu apishe mbali, kabla hamjaondoka na maiti someni kile kibali. Kama kimeandikwa damu na ninyi mwajua ni risasi, semeni hapo hapo, siku ile, wakati daktari yupo. Kwa adabu, lakini semeni. Baada ya mazishi ni safari ya miezi 14, nimeitembea.

Daftari nimelinunua hapa Ukunda asubuhi ya leo, la kurasa 200, jalada gumu. Mstari wa kwanza nimekwisha andika, dada yangu akiwa ameketi karibu nami. Alitaka niongeze kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri wa kushona nyavu. Hakuna safu ya jambo hilo, lakini nimeliandika pembeni. Katibu wa tawi atakaa na daftari ofisini, na mwenye habari atamkuta kila Jumamosi tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Wale wa Msambweni na Lunga Lunga ambao nauli yawashinda, wampelekee habari mjumbe wao, naye ataileta mwisho wa mwezi.